Mkono Uliovimba

Korogwe, 11 Mei 1973

Kaka Mhina, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mahindi ya shamba la ujamaa yamebeba.

Juzi sisi wanafunzi wa uuguzi tulichomwa sindano ya kupima kifua kikuu. Ina protini ya vijidudu vya ugonjwa huo. Chembe za mwili uliowahi kukutana navyo huitambua, huitana, na ngozi huvimba. Wenzangu hawakuvimba. Mimi nimevimba.

Huku sijaishi na mtu anayekohoa. Msiniambie tena kwamba Baba ana pumu tu.

Jumamosi ijayo nakuja kumchukua Baba. Mwanao Mwaija asilale tena chumbani kwa babu yake. Baba akikataa kwenda hospitali, sitabishana naye. Nitakunja mkono wa gauni aone alichonipa.

Mdogo wako,
Zamda