Historia ya Kijiji Chako, Baba, Kama Nilivyoikuta

Mpendwa Baba,

Nnakuamkia huko uliko, na kwa mara ya kwanza salamu zangu zina hasira ndani yake. Nimerudi jana kutoka kijiji cha wazee wako, kule bondeni nyuma ya Yiti.

Wewe ulizikwa Unguja kabla makubwa ya mapinduzi hayajatufika, basi nikueleze. Tulikimbilia Maskati, mimi, Mama, mke wangu na wanangu watatu. Tunakaa chumba kimoja Sidab, mwaka wa sita huu. Kila nikienda kuomba paspoti naambiwa neno lile lile: lete barua ya sheikh wa kijiji chenu, aseme kuwa wewe ni wao. Bila barua hiyo sisi si wa huku, na kule tulikotoka hatutakiwi. Mama ameshaacha kuuliza, ananitazama tu, na huko kutazama ndiko kunakonimaliza.

Nami sikuwa na hati wala shahidi. Nilikuwa na hadithi yako tu.

Unakumbuka Ijumaa zetu? Ukishakula wali na kunawa, ukikaa barazani, unaanza. Babu yetu mkubwa alivyoshuka mlimani na ndugu zake wawili na mbuzi jike mmoja, akasikia maji chini ya jiwe. Walivyochimba mfereji miaka saba mpaka maji yakaliona jua. Walivyogawana maji kwa zamu, fimbo ikasimamishwa ardhini na kivuli chake ndicho kinachosema nani afungue, nani afunge. Kisha mitende, ngome, nzige, vita na watu wa bonde la pili. Mwisho ukame, na babu yako akaja Unguja "kutafuta riziki." Mimi na dada tukikonyezana: "Haya, Baba na mfereji wake!" Nawe ukicheka. "Chekeni tu. Maji hayahami. Siku moja mtayataka."

Siku imefika, nikenda. Nilipanda punda kutoka Yiti, njia nzima nnajisomea hadithi yako kama mtoto wa chuoni anayeogopa bakora. Je, nikikosea jina? Je, wakinicheka Kiarabu changu? Wallahi nilishuka mara mbili nikaianza hadithi upya.

Kijiji chenyewe kimebaki wazee, Baba. Vijana wamekwenda Kuwait na Bahrain kutafuta kazi, na mitende mingi imekauka vichwa. Niliwakuta wazee wanne wamekaa kando ya mfereji. Sheikh wao, alhamdulillahi, aliwahi kuuza vitambaa Darajani, kwetu Unguja, ujanani mwake, na Kiswahili chake kizuri kuliko Kiarabu changu. Akanimiminia kahawa.

"Haya, mwanangu, tutajie nyumba yenu."

Nikasimulia yote, tangu mbuzi mpaka ukame. Nilisimulia vizuri khasa, ungekuwepo ungejivuna. Nilipomaliza wazee wakatazamana, mmoja akakohoa. Sheikh akaweka kikombe chini.

"Huyo uliyemsimulia, aliyeshuka na mbuzi, ni babu yangu mimi."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaona barua inakwenda zake, nikaona namna nitakavyoingia chumbani mikono mitupu. Nikamwambia kuwa ndivyo nilivyosimuliwa na baba yangu.

"Na ule ukame," akauliza, "baba yako alikwambia nini juu ya mtu aliyeiba zamu za maji za wenziwe, akamwagilia mitende yake mpaka watoto wa jirani wakafa kwa kiu, nasi tukamfukuza?"

"Hakusema kitu, ami yangu. Sijapata kumsikia mtu huyo."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akawageukia wenziwe, akasema kwa Kiarabu, polepole, nami nifahamu: "Kila mwaka tukishuka kuzoa tope la mfereji, kila nyumba humtaja mtu yule. Watoto wetu wanamjua kabla hawajajua kusoma. Huyu anajua yote mengine ila yeye, na kuna nyumba moja tu isiyoweza kumtaja: nyumba yake mwenyewe." Kisha akanitazama mimi. "Karibu kwenu, mwanangu."

Barua ninayo, Baba. Imeandikwa kuwa sisi ni kizazi cha mtu yule, babu yako, kwa jina lake. Sharti ni moja: mwaka huu nishuke nao mferejini, nami nimtaje kwa mdomo wangu, mbele ya wajukuu wa waliofiwa. Nimekubali. Nnaogopa mno. Naogopa macho yao, na naogopa wanangu watakaponiuliza kwa nini babu yao alijivisha hadithi ya watu. Ungeniambia, Baba! Mimi mwanao, ungeniambia hata kwa kuninong'oneza, nisingekwenda kuwasomea watu nasaba yao wenyewe kama mwizi aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba.

Nilidhani labda hata wewe hukujua. Nikamweleza Mama asubuhi hii, nikamuuliza kama wewe ulikuwa unajua. Akaanza kulia.

"Miaka yote niliyokaa naye," akasema, "hakupata kunywa maji kabla sisi sote hatujanywa. Nilidhani ni adabu tu."

Mungu akulaze mahali pema, Baba yangu.

Mimi mwanao,
kitukuu cha mtu yule.