Daktari Amemkataza Ngano

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
Ijumaa, 1956

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Kadija amemvisha paka kofia ya viua ya baba yake, paka akatoka nayo mbio mpaka uani, na mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Nimeanza na hilo kabla ya salamu, maana najua ukiona barua ya pili imeifuata ya kwanza mguu kwa mguu, moyo utakupasuka. Mtoto yu hai, mama, na leo amecheka.

Sasa nakusalimu. Shikamoo. Miguu yako haijambo? Kikohozi cha Baba kimepungua? Huko Mambrui mvua zimeanza kunukia au bado? Sisi huku tu wazima wa kula na kulala, ila roho hazijatua. Hata mistari hii michache nimeiandika huku nikiinuka kwenda kuchungulia mlangoni, narudi, nainuka tena.

Mama, ile barua yangu ya kwanza, kama hujasomewa, usisomewe. Kama umeshasomewa, usipande gari kuja kumchukua Kadija, na neno nililolisema juu ya mama mkwe wangu lifunike, lisifike kwa shangazi. Nilisema Bi Waridi anamla mtoto wangu kwa jicho. Sivyo. Nisikilize nikwambie ilivyokuwa.

Unajua mtoto alivyoharibika tangu aache ziwa aanze kula vyakula vya watu. Tumbo likafura kama mtungi, miguu ikawa vijiti, choo chake cheupe kinanuka mpaka majirani wanajua. Huyu akasema chango, yule akasema jicho. Bi Waridi mwenyewe alimfunga hirizi. Mwisho nikambeba nikampeleka hospitali. Huko tulimkuta daktari mwanamke, Mhindi, na dresa mmoja wa bara, msaidizi wake, Phares kwa jina, ndiye aliyekuwa akinifasiria. Daktari akataka kujua mtoto anakula nini. Nikajibu kwa fahari zangu zote kwamba baba yake ni mwoka mikate Industrial Area, kwetu boflo haikosekani, asubuhi na jioni. Daktari akatikisa kichwa. Phares akaniambia yako matumbo ya watoto, si mengi, yasiyopatana na ngano kabisa, na kwamba elimu hiyo ni mpya, hata Ulaya wameijua juzijuzi tu.

Mimi niliuliza maswali mpaka Phares akasema mama huyu anataka kupewa shamba la ngano alime. Niliuliza, je, ikipikwa sana? Chapati je, si zinapita motoni? Na ule mkate wa rangi ya udongo wanaokula Wazungu, ule wenye pumba zake? Akasema ngano ni ngano, uichome, uichemshe, uipake sukari. Ule mvuto wa unga, ule unaonata vidoleni ukikanda maandazi, ndimo alimo adui wa tumbo la mtoto huyu. Wengine wote waache wale, wala haiwadhuru. Yeye apewe wali, mahindi, wimbi, mtama, muhogo, viazi.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Baba Kadija. Mama, utadhani nimemtukania ukoo. Aliniuliza kama najua dunia nzima inaishi kwa kitu gani. Kesho yake akaniletea punje chache za ngano, ndiyo mara yangu ya kwanza kuziona. Vitu vidogo, vya kahawia, vina mfereji katikati kama kokwa ya tende. Nikamwuliza mbona kwetu pwani hailimwi, akasema yataka baridi, hulimwa huko juu Njoro kwenye mashamba ya masetla, huja kwa gari la moshi, husagwa na kuchekechwa mpaka unga uwe mweupe, pumba wakapewa ng'ombe. Alipomaliza kunisomesha akamtazama mtoto. Akakubali, ila kwa sharti: habari isitoke nje. Wenzake pale wakisikia kwamba mtoto wa mwoka mikate hali mkate, watamcheka mpaka aache kazi. Basi ikawa humu ndani hatutaji mkate wala boflo. Kila mtu akiuliza, tunasema tu daktari amemkataza ngano, neno la hospitali lisilomkumbusha mtu boflo. Hata Bi Waridi nilimwambia hivyo hivyo, naye akainamisha kichwa.

Nikashika amri. Uji wa wimbi, wali, viazi. Na mtoto hakupona, mama. Alizidi kukonda. Nikarudi hospitali, daktari akauliza kama nina hakika simpi ngano, nikaapa, Phares akanitazama kama mtu anayemtazama mwizi wa kuku. Baba Kadija akasema, si nilikwambia ngano haina kosa.

Na Bi Waridi alikuwa amegeuka. Wewe unamjua, mama, ulimwona harusini, mtu wa maneno matamu. Jioni watoto wa ua mzima walikuwa wakimzunguka kama vifaranga. Sasa akawa anakaa na tasbihi yake, amefunga mdomo. Kadija akimpandia mapajani akaanza kumwomba-omba, humziba kinywa kwa kiganja, akamchukua nyuma ya jiko, wakirudi mtoto kimya. Nani asingeogopa? Ndipo nikakuandikia yale.

Asubuhi hii nimetoka bombani na debe la maji, nikapita nyuma ya jiko. Nikawakuta. Bi Waridi anachovya boflo ndani ya chai, anamlisha mtoto tonge kwa tonge. Debe likaniponyoka. Nikapiga kelele, jirani yetu Batulo, yule Msomali, akatoka mbio na mwiko mkononi akidhani ni msako wa askari. Bi Waridi hakuona haya hata kidogo. Akaniuliza tangu lini kumpa mtoto mkate kukawa dhambi. Akasema mimi ni mama gani, baba mtu analeta mikate ya moto nyumbani, mimi namlisha mwanangu wimbi kama kifaranga. Nikamwambia, si nilikwambia mama, daktari amemkataza ngano!

Akasema, na ngano si nimeacha?

Akaanza kulia. Akasema tangu siku ile hajamtolea hata moja. Sungura, binti sultani, zimwi la Siyu, zote amezimeza, zinamkaa kooni. Mtoto akimwomba ngano moyo unamkatika, hana la kumpa ila kipande cha mkate anyamaze. Akataka nimwambie, ngano zake zimemtenda nini mtoto huyu, za wazee wake, hata daktari azione ndizo zinazomfurisha tumbo?

Mama, nilikaa chini kwenye matope. Sisi husema hadithi, lakini mama mkwe, kwao Siyu, jambo analosimulia bibi kwa wajukuu ni ngano, na hana ngano nyingine anayoijua. Kinacholiwa kwake ni mkate, na mkate watokana na unga, basi. Batulo alianza kucheka, akaona nyuso zetu, akarudi zake ndani.

Nikamwambia mkate ndio ngano. Akasema nisimfanyie mzaha. Nikaingia nikazileta zile punje nikamtilia kiganjani. Akazigeuza, akazigeuza, akatazama boflo iliyobaki. Akaniuliza neno moja tu: kwa mkono huu? Nikasema hukujua, mama, na mimi sikukueleza. Akanawa mkono mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyetoka kuzika, akavaa buibui akatoka.

Hajarudi. Watu wameshatoka msikitini, yeye hajarudi. Malori ya askari yamejaa barabarani siku hizi, mtu akichelewa kidogo unaanza kumhesabu miongoni mwa waliokamatwa. Batulo ameniendea mpaka Gikomba, hakumwona. Naogopa ameshika njia ya stesheni arudi kwao kwa aibu, na Baba Kadija akija nitamwambia nimempeleka wapi mama yake?

Na kuna jambo, mama, ambalo sijamwambia mtu, nakwambia wewe tu. Katikati ya hofu hii nina furaha. Naona haya kuiandika. Yule mzee analia, sijui yuko wapi, nami moyo wangu unarukaruka. Maana kama Kadija alikuwa akila mkate kila siku nyuma ya jiko, basi daktari hakukosea. Dawa haikushindwa, mama. Dawa haijaanza! Mtoto wangu hajakataliwa na dunia. Inaanza leo, kwa wali na viazi vya leo, na Mungu akipenda utamwona ana mashavu.

Lakini nataka apone na bibi yake yumo humu humu, anamtolea ngano zote alizozimeza. Nikimpata huyu, nikampoteza yule, nitakuwa nimepona nini?

Basi niombee. Nisalimie Baba, mwambie pole ya kikohozi. Nisalimie shangazi, ila usimpe maneno, mpe salamu tu. Wasalimie na jirani zetu wote wa msikitini, na Kadija anakushika mkono, anakubusu, anasema

Mama, mlango wa uani umelia. Ni yeye! Ana kapu kichwani, limejaa muhogo, buibui lote vumbi, na nyuma yake nusu ya wanawake wa Majengo. Ananiita, Muhiba, Muhiba, toka nje mwanangu, ameinua mfuko wa tambi juu kabisa, anataka niseme mbele ya watu wote kama hizi nazo ni ngano au si ngano, na biskuti je, na