Shikamoo Isiyoitikiwa

Mjukuu wangu Asimwe,

"Salamu na palizi si habari," amekuandikia mwenzako kwenye blogu yenu, nawe unaniuliza kama uache kuandika. Usiache! Hajui anachosema. Huku Kihanga tu wazima, babu yako anaanika kahawa.

Nilipokuwa msichana niliandika daftarini kila jioni. Siku moja niliandika: "Jirani yetu Ma Paulina amerudi kutoka hospitali. Jioni hii anapalilia migomba. Nimemwamkia, hakuitikia."

Kaka yangu alicheka. "Hata salamu unaandika? Kesho utaandika kikohozi cha mbuzi!"

Kesho yake habari ikaja kutoka Kayanga: Ma Paulina alikuwa amefia hospitalini, asubuhi ya siku ile niliyomwona. Tukaenda kibanjani kwake, kwenye ile migomba. Magugu yalikuwa yameng'olewa mahali pamoja tu, pa ukubwa wa kaburi. Tukamzika hapo.

Binti yake alifika maziko yamekwisha. Akaniomba nimsomee ule mstari. Nikausoma mara tatu.

"Alikuwa amevaa nini?" akauliza.

Sikuwa nimeandika. Mpaka leo sikumbuki.

Barua hii iweke kwenye blogu yenu. Na ninyi mnaomcheka Asimwe huko: leo mtu asipoitikia shikamoo yenu, andikeni amevaa nini.

Bibi yako