Diski Iliyokuwa Haionekani

Uko hapo? Usinipigie, siwezi kuongea. Dada yuko jikoni, atasikia.

Ile kompyuta niliyokuwa namuundia nimeimaliza. Niliweka diski mbili: mpya, na ile kuukuu ya marehemu Baba, yenye sauti alizojirekodi akiwa mgonjwa. Zote mbili zina ukubwa uleule.

Nikawasha. Ikaonekana diski moja tu.

Nikajisemea, hii ndiyo mpya, ya Baba imezeeka ndiyo inayogoma. Nikabonyeza futa yote, nikaweka mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mimi! Fundi wa miaka tisa, ninayegombeza wateja kila siku: soma kabla hujabonyeza! Kweli mganga hajigangi.

Halafu mchana kutwa natafuta diski ya Baba. Nimebadilisha waya, nimepuliza vumbi. Kumbe waya wa umeme ulichomekwa nusu. Nikaukandamiza, ikaonekana. Nikaifungua.

Tupu. Mpya kabisa, haijawahi kuwekwa kitu.

Umeelewa? Iliyokuwa haionekani ni ile mpya. Niliyofuta ni ya Baba. Niliyofuta ni ya Baba.

Na usiniambie habari za kurejesha, mfumo mzima umeshakaa juu yake.

Hata machozi hayaji. Nimekaa nakaza skrubu ambazo zimeshakazwa.

Dada akauliza kutoka jikoni, “Imeonekana?” Nikamjibu, “Imeonekana.” Sijadanganya, au?

Sasa ameingia na kiti chake, anajifuta mikono kwenye kanga. Amekaa hapa ubavuni kwangu. Anasema, “Anza na ile ambayo Baba anacheka.”