Waya Nne za Feni ya Rose

Jumatatu, 14 Julai
Asubuhi soketi mbili hapa Gatina, halafu stima ya kinyozi. Kazi ya kawaida. Mchana Ayany kwa dadangu Rose. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, anatoka hospitali Ijumaa. Daktari amesema chumba kikae na joto, na jiko la makaa lisiingie kabisa. Na hii baridi ya Julai! Bahati nzuri kuna mashine ya joto na baridi ukutani, iliachwa na mpangaji wa zamani. Inapata moto ndani lakini feni haizunguki, joto halitoki, inajizima. Nimemwambia Rose asijali. Kaka yake ni fundi.

Jumanne, 15 Julai
Nimefungua. Waya za feni zimeoza kwenye viungo. Nimekata zote nne nianze upya. Nyeusi, buluu, nyekundu, nyeupe. Sikuweka alama. Alama ya nini? Miaka kumi na mbili naunga nyumba: nyekundu ni laivu, ya kuleta stima, nyeusi ni nyutro, ya kuirudisha. Nikaunga hivyo, hizo zingine nikazifunga tepu.
Ikanguruma. Haikuzunguka.

Jumatano, 16 Julai
Nimekaza viungo, nimetia mafuta. Imenguruma tena, ikapata moto, ikaanza kunuka. Nikazima mbio. Rose alikuwa mlangoni na shuka za mtoto. Akanusa, akageuka na shuka zake. Afadhali angenitusi.
Kuna Akinyi, anafunga upya waya za mota zilizoungua, Kibera, upande wa Olympic. Mwaka jana nilimcheka mbele ya wateja wake, eti mwanamke na mota wapi na wapi. Sasa nimpelekee mota ya hii feni? Aibu tupu.

Alhamisi, 17 Julai
Nimempelekea. Alinitambua mara moja.
"Niaje fundi. Hii mota uliiuliza ama uliiambia?"
Nikamweleza rangi nilivyounga. Akatikisa kichwa. Rangi za nyumba si rangi za mota, akasema, na hata za mota haziamini mpaka apime. Akatoa mita. Akapima waya mbili mbili, stima inapata ugumu gani kupita, jozi zote sita, kila namba anaiandika na biro kwenye mkono wake. Bila haraka, kama mtu anachagua mchele. Nyeupe na yoyote, namba kubwa. Zile tatu zenyewe kwa zenyewe, ndogo. Basi nyeupe, iliyo mbali na zote, ndiyo nyutro, hizo tatu ni spidi tu. Mimi nilikuwa nimeunga spidi kwa spidi. Siku mbili! Ningeichoma kabisa.
Mota ilikuwa bado nzima. Akabandika kila waya tepu yenye jina, tukaenda Ayany, akaunga mwenyewe. Akachagua spidi ya chini, mtoto asipigwe na upepo. Feni ikazunguka. Wah! Sijaona kazi safi hivyo tangu nianze ufundi. Rose alipiga kelele mpaka jirani akatoka. Mimi nilishika tochi. Niliishika vizuri.

Ijumaa, 18 Julai
Asubuhi nimepita Kibera. Wateja walikuwa wamejaa. Nikamwomba Akinyi msamaha hapo hapo mbele yao. Akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga.
Mtoto amefika saa nane. Mdogo, kama mkate wa nusu. Rose akaanza kuambia majirani ni kakake alitengeneza mashine. Nikamkatiza. Ni Akinyi wa Kibera.
Feni inavuma kidogo tu. Mtoto ametoa mkono nje ya blanketi na amelala hivyo. Nimeushika. Una joto.