Bibi Amekata Mlama

Kitaya, Mtwara
9 Juni 1974

Dada yangu mpendwa Luisa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe, shemeji na watoto, na kwamba homa ya Paulo imekwisha. Sisi huku tunapumua, na mihogo mwaka huu imekubali. Bibi Laurinda anakusalimu sana. Ndiye aliyeniagiza nikuandikie, na amesema niandike kuwa yeye ni mzima.

Juma lililopita alitufikia mgeni kutoka Dar es Salaam, Bwana Emmanueli, anayekusanya dawa za wazee. Alikuwa amesikia kwamba Bibi huwapa wenye uvimbe magome ya mlama. Kiswahili cha Bibi unakijua, basi nikafanywa mkalimani, mimi niliyesomeshwa Kireno ng'ambo ya mto na Kiswahili hapa, na bado nikiulizwa jina langu naangalia chini. Mgeni alieleza kuwa magome huchemshwa, maji yake yakatiwa kwenye chupa zenye kansa iliyotolewa kwa wagonjwa, waone kama itaacha kukua. Bibi akataka kujua hizo chupa zimepona? Mgeni alicheka mpaka akafuta macho, akasema chache zina dalili njema, ila mtu si chupa. Ndipo Bibi akamwulizia mama mmoja mwenye uvimbe wa titi unaotoa maji, je, anywe mlama tu? Mgeni akaacha kucheka. Akasema mama huyo asiungoje utafiti wake, apelekwe hospitali upesi. Nikatafsiri vilevile. Bibi akampa fungu la magome.

Mgeni akasema ahsante! Unamjua Bibi: dawa ikishashukuriwa imekufa. Alimpokonya fungu, akalimwaga jalalani, akauliza huyu amelelewa na nani, na maskini mgeni anazidi kuomba radhi. Ikabidi twende porini kukata mengine, na mkataji lazima awe Bibi mwenyewe.

Dada, mkono wa Bibi haukupanda. Aliinua panga likamponyoka, kanga ikateleza, nikaona. Yule mama ni yeye. Titi la kushoto limekuwa gumu na lina kidonda kinachonuka. Alinishika mkono, akalikata gome huku mimi nikimsaidia kubeba uzito wa panga, kisha akaniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Eti hospitali wanakwenda wanaotaka kufia ugenini. Nikaitikia, maana sijui kumkatalia.

Labda siku moja mlama utawafaa watu, sijui. Bibi hana muda wa kuzingoja chupa. Njoo, dada, umpeleke. Wewe humwogopi.

Sasa hivi ananiita nimsomee nilichoandika. Nilitaka kumsomea salamu tu, mengine nibuni. Nimeona vibaya. Nitamgeuzia yote kwa Kimakonde, na akinifukuza nitalala kwa jirani na asubuhi barua iende.

Msalimu shemeji, wabusu watoto. Kwa leo naishia hapa, ameita tena.

Mdogo wako akupendaye,
Rozalia