Nchi Isiyotaka Upande

Mama yangu,

Kifua kimekuachilia, ama bado unakohoa na kusingizia moshi wa jikoni? Na mwanangu Chela, bado anakataa kuvaa soksi na baridi hiyo yote ya Elburgon? Mimi mwili ni mzima. Mtandao huku unarudi dakika chache tu asubuhi, kwa hivyo naandika kwenye karatasi niipige picha, nimtumie kaka aliye Njoro akusomee. Mwambie asiruke mahali.

Mama, nimekwama. Nchi hii ni ndogo, dereva anaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na majirani wawili wakubwa wanapigana juu ya vichwa vyetu. Mmoja anataka kutumia uwanja wa ndege. Mwingine anasema ukimpa, nakuchoma. Serikali ikawaambia wote wawili kwamba haina upande. Mzee ninayemtunza, ambaye hawezi kutoka kitandani bila mimi, alifurahi. Binti yake, mwajiri wangu, alikasirika mpaka akavunja glasi. "Tukinyamaza watapita juu yetu kama barabara," alisema. Makombora yalipoanguka bandarini, sikujua tena nani kati yao ana akili.

Mzee akaniuliza kwetu tulifanyaje. Nikamsimulia zile vurugu za uchaguzi, Baba Mkalenjin, wewe Mkikuyu, na vizuizi viwili barabarani, cha juu cha vijana wa kwao Baba na cha chini cha vijana wa kwenu. Ulipika chai, ukapeleka birika moja juu na lingine chini. Kijana mmoja akakuuliza, "Mathe, kwani hata wale umewapelekea?" Ukamjibu, "Kwani wao hawasikii baridi?" Nyumba yetu haikuguswa. Lakini baadaye hakuna aliyenunua maziwa yako, kila mtu akikwambia uwapelekee wale wengine. Nilikuona ukiyamwaga nyuma ya zizi. Mzee alicheka kidogo, kisha akageukia ukuta.

Sasa sikia ujinga wangu. Ubalozi wetu ulitangaza kwamba Ijumaa kutakuwa na basi la kutuvusha mpakani. Mpaka wenyewe ulikuwa wazi kwa sababu tu nchi haikuwa na upande. Mwajiri alinirudishia pasipoti bila vita, akauliza tu, "Ukienda, baba yangu atabaki na nani?" Yeye kutwa yuko hospitali akifunga majeruhi vidonda. Nikamwambia nitakaa. Mama mmoja wa ubalozi alipopiga simu, nikamwambia nitakuja. Sikutaka kumuudhi yeyote. Ijumaa begi lilikuwa tayari mlangoni, nikasema acha nimnyweshe Mzee uji kwanza, nimgeuze, nimbadilishie shuka. Nilipofika kituoni nilikuta dereva wa teksi peke yake. "Wameenda, dada," akaniambia.

Jumapili serikali ilichagua upande, ikaingia vitani, na mpaka ukafungwa. Naogopa, Mama. Ndege ikipita namshika Mzee mkono, na sijui nani anamtuliza mwenzake.

Msalimie Baba, na shangazi wa kiwanda cha mbao, na mama jirani anayekukatia kuni. Waambie wote niko salama, hata kama wewe umeshajua si kweli.

Chela akiuliza kwa nini sikupanda lile basi, usimwambie nilimchagua Mzee nikamwacha yeye. Mwambie ukweli, kwamba mama yake hakuchagua.

Mtoto wako anayekuwaza kila saa,
Jerono